Walker, Tucker, Fuller: majina matatu, kazi moja

Shifti ya usiku kwenye ghala tunalofanyia kazi hapa Leeds ina Walker watatu. Hawana undugu hata wa kusingizia. Mmoja mzee wa Wakefield, mmoja kijana wa Bradford, na wa tatu ni dada mweusi ambaye bibi na babu yake walikuja na meli kutoka Jamaika, supavaiza akiita "Walker!" wanageuka wote watatu na yeye anaanza kufoka, ndo burudani yetu ya kila usiku. Sasa mwezi wa pili akaletwa jamaa mpya, kijana wa Plymouth, kule chini kabisa kusini magharibi ambako hata lafudhi yao huku juu watu wanaiigiza kwa kuchekeshana, beji yake imeandikwa Tucker. Brek ya kwanza tu mzee wa Wakefield akamvaa, jina gani hilo halina kichwa wala miguu, sisi Walker angalau jina letu linajieleza, babu yetu alikuwa mtu wa kutembea. Mi nikacheka kimoyomoyo kwasababu huyo mzee hata kwenda kantini anatafuta lifti ya foklifti.

Nikitoka shifti asubuhi usingizi huwa hauji haraka, nikaanza kuchimba, nikaishia kwenye kamusi za majina, ramani za sensa na safari moja ya treni na basi kwenda Lancashire. Nilichokikuta ni kwamba mzee na kijana walikuwa wanataniana juu ya kazi ileile. Walker na Tucker ni kitu kimoja. Na kuna wa tatu, Fuller, naye ni hukohuko. Tofauti yao ni babu alikuwa amesimama upande gani wa Uingereza siku jina lilipomganda.

Kazi yenyewe kwa Kiswahili haina neno lake, na sababu ni rahisi, sisi nguo zetu ni pamba na pamba haiihitaji. Ni kazi ya sufu. Ila kama ulisoma bodingi umeshaifanya bila kujua. Jumamosi asubuhi blanketi likishalowa halifuliki kwa mikono, unalitupa kwenye karai, unamwaga sabuni ya unga, unakunja suruali mpaka magotini unaingia na miguu unakanyaga, unazunguka, unakanyaga, na maji yanatoka rangi ya chai ya rangi. Sasa toa blanketi weka kitambaa cha sufu kilichotoka kwa mfumaji jana, yadi 20 na kitu, bado kina mafuta ya kondoo na uchafu wote wa kusokotwa, nyuzi zimelegea kiasi kwamba ukikinyanyua juani unaona mtu aliyesimama upande wa pili. Mtu anaingia kwenye pipa au shimo lenye maji na anakikanyaga masaa kwa masaa. Mafuta yanatoka, na nyuzi za sufu zinaanza kung'ang'aniana mpaka kitambaa kinakuwa kizito, kinashikana, upepo haupiti. Ushawahi kufua sweta ya sufu kwa maji ya moto ikatoka saizi ya mtoto wa chekechea? Ndo hiyohiyo, ila hawa walikuwa wanafanya makusudi na kwa kipimo, kitambaa kinaweza kupungua theluthi hata nusu, halafu kinatandazwa uwanjani kwenye fremu za mbao zenye kulabu kikauke kimenyooka. Bila hatua hii hakuna koti la maana, unapata chujio.

Dawa ya kutolea mafuta ilikuwa mbili. Moja ni udongo maalum unaofyonza mafuta, ulichimbwa Surrey na Bedfordshire na maeneo ya Bath, na ulionekana wa thamani mpaka serikali ikawa inapiga marufuku kuuza nje. Nyingine, samahani kama unakula, ni mkojo. Mkojo uliokaa siku kadhaa unatoa amonia na amonia inakata mafuta. Roma ya kale walikuwa wanaweka mitungi barabarani wapita njia wajisaidie, na Kaisari Vespasian akaona hela akautoza kodi. Huku Yorkshire viwanda vya sufu viliendelea kukusanya mkojo wa majumbani mpaka ndani ya karne ya 19. Kwaiyo yule mzee wa Wakefield anayejivunia jina safi, basi tena.

Kazi hiyo moja Waingereza walikuwa na maneno matatu ya kuiita. Kaskazini, mikoa ya kati hasa upande wa magharibi, na Scotland, walisema walk. Leo hilo neno ni kutembea, ila kwenye Kiingereza cha kale wealcan ilikuwa kuviringisha, kurusharusha huku na huku, na wealcere alikuwa tayari ni mkanyaga sufu kabla walk haijawa kutembea. Wajerumani mpaka leo wakisema walken wanamaanisha hii kazi ya sufu. Yani kitenzi ndo kilihama, jina likabaki palepale. Kusini magharibi, Devon, Cornwall, Somerset, walisema tuck, kutoka tucian, kutesa, kuadhibu, kitambaa kinapewa kichapo. Na kusini mashariki kuanzia Sussex na Kent kupanda mpaka Suffolk na Norfolk wakasema full, neno la Kilatini, fullo, lililoingia zamani sana halafu likapigwa jeki na Kifaransa cha Wanormani, wale walioiteka England 1066, maana kwao fouler ni kukanyaga.

Kama bado unaona ajabu kazi moja kuwa na majina matatu ndani ya nchi moja ndogo, fikiria hivi. Dar anayening'inia mlangoni mwa daladala anadai nauli ni konda. Vuka mpaka nenda Nairobi, yuleyule, na vidole vyake vimeshika noti vilevile zimekunjwa kwa urefu, ni makanga. Lori la mizigo, Tanzania msaidizi wa dereva ni utingo, Kenya ni tanboi. Sasa mwambie karani wa serikali aje leo aandike kila mtu na jina lake na watoto wote warithi. Miaka 600 baadae kutakuwa na ukoo wa Konda umejaa Temeke na Mbagala, na ukoo wa Makanga umejaa Eastlands, na watakutana kazini sehemu ya tatu wabishane nani jina lake linajieleza.

Na msidhani hawa watu walikaa kikao kuchagua majina. Fungua simu yako sasa hivi angalia kontakti. Musa Boda. Fundi Bomba Sinza. Mama Fatma Chapati. Hujawauliza majina ya ukoo na hutawauliza, umemwandika mtu kwa kinachomtofautisha na Musa wengine sita. Ndo hivo tu. England baada ya Wanormani watu wengi walikuwa wanabatizwa majina yaleyale machache, John, William, Robert, Richard, kijiji kina John wanane, lazima utafute cha kuongezea. Na hapa kuna jambo ambalo mi sikulifikiria mwanzo, jina la kazi linamkaa vizuri yule aliye peke yake au wapo wachache. Kijiji kizima kinalima, hakuna faida kumwita mtu Yohana Mkulima. Ila mhunzi ni mmoja, mwenye kinu ni mmoja, mkanyaga sufu ni mmoja au wawili. Kwaiyo wingi wa Walker leo haumaanishi kwamba Waingereza wengi walikuwa wakanyaga sufu, unamaanisha kwamba vijiji vingi vilikuwa na mmoja wao.

Kilichogandisha ni serikali na kodi, kama kawaida. Sisi tulikuja kuijua kodi ya kichwa wakati wa mkoloni, wao waliionja kwao kwanza, 1377, 1379, na ile ya 1381 ambayo watu waliichoka wakaamka na mapanga. Makarani walipita kijiji kwa kijiji wakiandika majina. Kwenye orodha ya Yorkshire ya 1379 jina na kazi mara nyingi vinakaa mstari mmoja, na unaweza kuona wale ambao jina na kazi bado vinaendana na wale ambao vimeshaachana, mtu anaitwa hivi anafanya vile, maana yake jina limeshaanza kurithiwa. Mfano mzuri wa upande wa kwanza uko Norfolk, kiongozi wa uasi wa 1381 kule aliitwa Geoffrey Litster, na litster ni mtia rangi nguo, na yeye kweli alikuwa mtia rangi nguo. Alinyongwa mwaka huohuo. Hadi kufika 1400 hivi sehemu kubwa ya England watu walikuwa na jina la kurithi, na 1538 Thomas Cromwell akaagiza kila parokia iwe na daftari la ubatizo, ndoa na mazishi, ikawa imeisha, hata ukibadili kazi mara kumi jina halikuachi.

Turudi kwenye kisa chetu, maana mzee wa Wakefield hakukubali kirahisi. Nilivomwambia akaniletea nadharia yake nyingine ambayo ipo sana mtaani, kwamba walker alikuwa askari wa msitu wa mfalme, anatembea doria kukamata wawindaji haramu. Ni hadithi tamu na inampa babu heshima. Ila ina shida. Kwanza, watu wa kwenye rekodi za karne ya 13 na 14 wanaoandikwa le Walkere wanajazana kwenye wilaya za sufu. Ingekuwa ni askari wa misitu basi jina lingejaa kwenye misitu ya mfalme, na New Forest ile maarufu iko kusini, ambako Walker ni wachache. Pili, kuna tafsiri ya Biblia kwa Kiingereza ya kundi la John Wycliffe, mwishoni mwa karne ya 14. Wamefika Marko 9:3, pale Yesu nguo zinang'aa kuliko anavyoweza kuzing'arisha fundi yeyote duniani, wakaandika fuller, halafu kana kwamba wamekumbuka kuna msomaji wa kaskazini atashangaa, wakaongezea "au walker wa kitambaa". Yani wenyewe wametuachia ushahidi kwamba maneno mawili ni mtu mmoja. Na Biblia yetu ya Kiswahili hapohapo inasema dobi. Mi tangu sandei skuli nimesoma dobi kwenye huo mstari sikujua kwamba nasoma ukoo wa Walker.

Kuna na mshukiwa mwingine wa kuaminisha watu kwamba Walker ni mtembeaji, naye mnamjua, yuko kwenye kaunta ya kila baa kuanzia Mombasa mpaka Bujumbura. John Walker, yule wa wiski ya Johnnie Walker, alifungua duka lake la vyakula Kilmarnock, Scotland, 1820. Ilipofika 1908 mchoraji Tom Browne akachora yule bwana wa kofia ndefu na fimbo anayetembea kwa madaha, kampuni ikaipenda, na tangu hapo dunia nzima inaangalia chupa inaona jina limejieleza. Kilmarnock yenyewe ni mji uliokuwa maarufu kwa mazulia na kofia za sufu. Ingechorwa picha ya haki angekuwa jamaa kakunja suruali yuko ndani ya pipa, na sidhani kama ingeuza.

Ushahidi unaoniridhisha mimi zaidi ya yote ni ramani. Wataalamu wa majina wanaipenda sensa ya 1881 kwasababu yote imeshaingizwa kwenye kompyuta jina kwa jina, na ingawa reli ilikuwa imeshahamisha watu wengi bado wengi walikuwa karibu na kwao. Paka rangi Walker, inakolea Yorkshire, Lancashire, Durham, Derbyshire, Nottinghamshire, inaendelea mpaka Scotland, ukishuka kusini inafifia. Paka Tucker, wino wote unamwagika Devon na majirani zake Somerset na Cornwall, na tone moja linarukia ng'ambo ya maji mpaka rasi ya Gower kusini ya Wales, ambako Waingereza wa upande ule walivuka wakahamia zamani. Paka Fuller, Sussex, Kent, Surrey, halafu East Anglia, yani Norfolk na Suffolk. London iache, London ni Kariakoo, kila mtu yupo. Miaka 500 imepita tangu majina yagande na bado ukiweka zile ramani tatu zinakaa kama vipande vya sahani iliyovunjika, zinashikana.

Na ardhi yenyewe inasema hivyohivyo. Exeter, mji mkuu wa Devon, jumba la chama cha wafumaji na wakanyaga sufu lililojengwa 1471 bado limesimama na linaitwa Tuckers Hall. Cornwall kuna kijiji kinaitwa Tuckingmill. Kaskazini na Scotland unakutana na Walk Mill na Waulkmill kila bonde. Wales wao neno lao ni pandy, kinu cha kazi hiyohiyo, na ndo lililomo kwenye Tonypandy. Wale wa Fuller kusini nao wana tawi, wakulima wa huko zamani walikuwa wanageuza f kuwa v, ndo maana kuna watu leo wanaitwa Voller, ni Fuller aliyetamkwa na mtu wa shamba. Nikicheki tu hapo nikakumbuka bia ya London ya Fuller's, kampuni iliyokuwa inaitengeneza mpaka 2019, tangu 1845 jina lake kamili ni Fuller, Smith & Turner, yani mkanyaga sufu, mhunzi na mchonga mbao kwa mashine ya kuzungusha, wamekaa meza moja.

Kuna tahadhari moja ya kitaalamu na hii ndo inayowaangusha wengi wanaotafuta mababu. Makarani wa zamani waliandika Kilatini. Mtu nyumbani kwake Halifax anaitwa Walker, ila karani anaandika fullo, ndo Kilatini chake. We ukija miaka 700 baadae unasoma fullo unasema ahaa, Fuller huyu, yuko Yorkshire. Hapana. Ni Walker aliyevaa kanzu ya karani. Kwaiyo ukikuta Fuller wa mapema kaskazini, kwanza uliza lugha ya hati.

Sasa hiyo safari ya Lancashire. Kuna makumbusho Helmshore, kinu kilichojengwa 1789 kwa ajili ya kazi hii, na walioijenga ni familia ya Turner, eti, wachonga mbao kwa jina wakaenda kutajirikia kwenye kazi ya Walker. Gurudumu la maji bado lipo. Unaingia chumba cha chini, giza kidogo, unyevu, na mbele yako kuna magogo makubwa yaliyochongwa kichwa chake kama ngazi, kila gogo ni nyundo. Gurudumu likizunguka linanyanyua nyundo moja, linaiachia, inashuka kwenye sanduku la mbao lenye kitambaa, du, huku nyingine inapanda, du. Sakafu inatetemeka mpaka kwenye magoti. Vile vidaraja kwenye kichwa cha nyundo vina kazi yake, vinakisukuma kitambaa kijigeuze chenyewe ndani ya sanduku ili kisipigwe sehemu moja kikatoboka, yani ni ule mzunguko wa miguu yako kwenye karai umeigwa kwa mbao.

Nikiwa nimesimama pale ndo nikashtukia jambo. Vinu vya hivi havikuanza 1789. Rekodi za wale mashujaa wa dini, Watempla, za mwaka 1185 tayari zinavitaja, kimoja Yorkshire hapa karibu na Leeds, sehemu ya Temple Newsam, na kingine kwenye vilima vya Cotswold, na karne ya 13 vikasambaa kila penye kijito chenye kasi. Kuna mwanahistoria, Eleanora Carus-Wilson, aliandika 1941 akayaita hayo mapinduzi ya viwanda ya karne ya 13, wengine wamempinga kwamba kaongeza chumvi, ila vinu vilikuwepo hilo halina ubishi. Sasa linganisha tarehe. Majina yanaganda karne ya 13 na 14. Nyundo zimeshaingia kazini karne ya 12 na 13. Yani huenda Walker wengi wa mwanzo kabisa, wale walioandikwa na karani kwa mara ya kwanza, walikuwa hawakanyagi tena. Walikuwa wanasimamia mashine. Waliitwa kwa kitendo cha babu zao wa miguuni, kama sisi tunavyosema bado "piga simu" wakati hakuna anayepiga kitu. Jina lilikuwa limeshapitwa na wakati siku linazaliwa.

Kwanini basi Walker ni bahari na Tucker ni kijito? Mi naona mambo mawili. Eneo lililosema walk lilikuwa kubwa toka mwanzo, kutoka Staffordshire mpaka Scotland. Halafu likaja suala la nani alizaana wakati gani, karne ya 18 na 19 sufu ya Devon ilikuwa inakufa polepole wakati Leeds, Bradford, Huddersfield na Manchester zinavimba, mikate ikawa kaskazini, watoto wakaishi kaskazini, na jina likaongezeka nao. Leo Marekani peke yake sensa ya 2010 ilihesabu Walker zaidi ya laki 5.

Na hapo ndo anaingia yule dada yetu wa Jamaika. Wengi wa Walker weusi, Marekani na visiwani, hawakukanyaga sufu ya mtu wala babu yao hakuwahi kuiona Yorkshire, jina lilitoka kwa mwenye shamba, au msimamizi, au walijichukulia wenyewe baada ya uhuru, na mara nyingi hati ya kuonyesha ni lipi kati ya hayo haipo. David Walker aliyetoa waraka wake mkali dhidi ya utumwa Boston 1829 alikuwa na jina hilo. Madam C. J. Walker, yule tajiri wa dawa za nywele, alizaliwa Sarah Breedlove, Walker ni la mume. Nilivomweleza huyo dada mambo ya pipa na mkojo akasema sawa, wamkabidhi mzee wa Wakefield yote, yeye hadai urithi. Tukacheka ila nilielewa.

Mzee naye akauliza la kwake, basi sisi watatu ni ukoo mmoja au vipi? Hapana. Jina kama Walker lilizaliwa mara mamia, kila bonde na lake. Kule chuo kikuu cha Leicester Turi King na Mark Jobling walipima vinasaba vya wanaume wa majina 40 ya Kiingereza wakatoa majibu 2009, wakakuta wenye majina adimu mara nyingi kweli wana babu mmoja, ila wenye jina kubwa kama Smith hawafanani kuliko watu wawili uliowaokota barabarani. Walker sina sababu ya kudhani atakuwa tofauti.

Baada ya hapo nikaona kisa kimefungwa. Nikamwendea kijana wa Plymouth brek ya saa nane usiku nikamwambia kwa kujiamini kabisa, wewe babu yako Devon, mkanyaga sufu, huyu mzee ni ndugu yako wa kazi, msitaniane tena. Akanisikiliza mpaka mwisho, anakula sendwichi yake, afu akasema lakini babu wa babu yangu hakuwa mtu wa Devon, alitoka Ireland, alikuja Plymouth kutafuta kazi kwenye gati la jeshi la maji, nyumbani bado tuna cheti chake cha ubatizo.

Nikaishiwa pozi. Maana kule Ireland kuna ukoo wa Ó Tuachair, unatokana na jina la mtu wa kale, Tuathchar, maana yake kama kipenzi cha watu, na Waingereza walipokuja kuandika majina ya Waayalandi kwa masikio yao lile jina likaandikwa Togher, likaandikwa Tougher, na sehemu nyingine likaandikwa Tucker kwasababu karani alikuwa tayari ana Tucker kichwani. Sufu haimo hata uzi mmoja. Mi nilikuwa nimesoma ramani ya 1881 nikamwekea mtu wa leo bila kumuuliza familia yake ilifikaje pale ilipo, kosa lilelile la yule anayesoma fullo akasema Fuller. Plymouth ni bandari, bandarini huwezi kumsoma mtu kwa mahali alipozaliwa, na sisi watu wa pwani tungepaswa kulijua hilo kuliko mtu yeyote.

Mzee wa Wakefield ambaye alikuwa amejifanya halali kumbe anasikia yote akafungua jicho moja, akauliza, kwaiyo yeye ni kipenzi cha watu na mimi ndo nabaki na mkojo?

Kijana akamkabidhi nusu ya sendwichi.